Toa Ufunguo Kabla ya Kikombe

Masomo: Mambo ya Walawi 10:8-11, Isaya 28:7, Kutoka 21:28-30, 1 Samweli 25:36-37

Neno hili ni kwenu ninyi nyote mlioko Base Camp, Juru na Rubondo, pamoja na ndugu zetu waliohamia Mbarara na Kampala kutafuta maisha, ambao bado husomewa karatasi hii kwa simu. Sisi mchungaji wenu tu wazima kwa neema ya Mungu, ingawa malaria ilitulaza majuma mawili, na ndiyo sababu somo hili limechelewa. Mtusamehe.

Kabla hatujaugua, akina mama watatu walitufuata baada ya ibada ya Alhamisi. Hawakutaka maombi. Walitaka tuseme neno juu ya vijana wetu wa boda ambao hunywa na kisha kuendesha. Mmoja wao alisema, "Pasta, kila mwaka mnahubiri juu ya ulevi, lakini hamtuambii tufanye nini saa ile kijana ameshika pikipiki yake na anasema yuko sawa." Neno hilo lilituchoma, kwa maana saa ile tunaijua. Tulikuwapo.

Kwa hiyo hatutaanza na mahubiri, tutaanza na kukiri.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2022, siku ya arusi ya kijana mmoja wa kwaya. Arusi ilikuwa nzuri, soda zilitosha watu wote (jambo la ajabu huku kwetu), na nyuma ya nyumba ya jirani kulikuwa na bidoni ya kasiksi ambayo wazee wa kanisa waliamua kutoiona. Sisi pia hatukuiona. Saa mbili za usiku mama mmoja wa idara ya wanawake alitaka kurudi kwake, safari ya kilomita kama saba, naye kijana wetu mwenye boda akajitolea kumpeleka bure. Tulisikia harufu. Tukamwuliza mbele ya watu, "Ndugu, uko sawa?" Akacheka, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo ili watu waone, akasema, "Pasta, mimi niko muzima kabisa." Watu wakapiga makofi. Tukamwekea mkono begani, tukaiombea safari, akawasha pikipiki wakaondoka.

Kwenye kona ya kuteremkia bondeni hakukata kona. Pikipiki iliingia mtaroni. Kijana alichubuka mikono na uso. Mama alivunjika paja, na mpaka leo anatembea kwa fimbo wala hawezi kuinama kulima. Wengi wenu mnamjua. Ametupa ruhusa kuyasimulia haya, akasema tu tusiandike jina lake, kwa kuwa hataki watoto wa shule wamwite kwa ajali.

Sasa sikilizeni jambo lililotusumbua zaidi. Kijana yule si mtu mbaya. Analeta zaka, anaheshimu wakubwa, aliuza mbuzi wake wawili kusaidia gharama za hospitali. Tumekaa naye mara nyingi, na kila mara anatuambia, "Pasta, sikuwa nimelewa. Najua mwenyewe nilivyojisikia." Zamani tulidhani anadanganya. Leo tunaamini anasema kweli, maana yake anasema kweli vile alivyojisikia. Lakini aliyejisikia ni nani? Ni yeye yule ambaye pombe ilikuwa imekwisha kumgusa. Tulimwendea mtu huyo, tukamwuliza swali moja tu, nalo lilikuwa ndilo swali pekee ambalo usiku ule hakuwa na uwezo wa kulijibu.

Katika Chuo cha Biblia tulifundishwa maneno mengi juu ya dhambi ya ulevi, lakini hatukufundishwa jinsi pombe inavyofanya kazi mwilini. Haya tumeyapata baadaye kwa wauguzi walio washirika wetu na kwa kusoma. Pombe ikishuka tumboni inaingia katika damu na kufika kwenye ubongo upesi. Wala haianzi na miguu. Watu wengi hufikiri mlevi ni yule anayepepesuka, basi asiyepepesuka si mlevi. Sivyo. Inaanza na ile sehemu ya mtu inayopima na kuamua, inayosema "ngoja kwanza", inayoogopa pale panapofaa kuogopwa. Mtu anakuwa mchangamfu, anakuwa hodari, anaona ya kuwa leo anaendesha vizuri kuliko jana. Baadaye ndipo linakuja jambo la macho, kushindwa kuangalia vitu viwili kwa wakati mmoja, mkono kuchelewa kufuata jicho. Miguu inafuata nyuma kabisa. Kwa hiyo siku miguu inapopepesuka, mwamuzi wa ndani alikwisha kulala zamani. Kijana yule kusimama kwa mguu mmoja haikuwa dalili ya usalama. Pengine ilikuwa dalili ya ugonjwa wenyewe, kwa maana mtu mwenye akili zake hasimami kama korongo mbele ya bibi arusi.

Tena kuna jambo la muda. Pombe aliyokunywa mtu dakika chache zilizopita haijafika yote kwenye damu. Kiasi chake kinaweza kuendelea kupanda kwa nusu saa, hata saa moja na zaidi, baada ya kuweka kikombe chini. Mtu anajipima mlangoni pa arusi, anaona si vibaya, naye anazidi kulewa akiwa njiani. Yule aliyetuaga siyo yule aliyefika kwenye kona.

Na mkono unaochelewa unachelewa kiasi gani? Tupige hesabu ndogo. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita mita 11 kwa sekunde moja. Kama mkono na mguu vimechelewa nusu sekunde tu kushika breki, pikipiki imekwisha kula zaidi ya mita tano za barabara kabla breki haijaguswa. Hapo katikati kuna mtoto anayerudi kisimani. Na hiyo ni mita tano juu ya zile ambazo hata mtu mzima wa akili angezihitaji. Dereva wa gari akiyumba, gari lina magurudumu manne ya kumshika. Pikipiki inashikwa na mizani ya mwili wake tu, na nyuma yake, ninyi mnajua, kuna mama na mtoto mgongoni na debe la mahindi.

Turudi kwenye Neno. Katika Mambo ya Walawi sura ya 10, wana wawili wa Haruni, Nadabu na Abihu, wamekufa mbele za Bwana kwa sababu ya moto ambao hawakuagizwa. Wako walimu wanaosema walikuwa wamelewa. Biblia haisemi hivyo, nasi tusiongeze. Lakini mara baada ya mambo hayo, katika mstari wa 8 na kuendelea, Bwana anasema na Haruni mwenyewe, naye anampa amri juu ya divai na kileo: yeye na wanawe wasinywe wanapoingia katika hema ya kukutania, wasije wakafa. Na sababu anaitaja: ili wapate kupambanua kilicho kitakatifu na kisicho kitakatifu, kilicho najisi na kilicho safi.

Angalieni wakati wa amri hii. Mungu hakumwambia Haruni, "Ingia, na ukiona kichwa kinazunguka utoke." Hakumwambia ajipime akiwa ndani. Mungu aliyeumba ubongo alijua ya kuwa kazi ya kuhani ni kupambanua, na ya kuwa kileo kinaondoa kupambanua kwenyewe. Ukimwachia kuhani aliyekunywa aamue kama amekunywa mno, umemwachia kipofu achague taa. Basi uamuzi ukawekwa nje ya hema, kabla ya kikombe. Anayeingia kazini leo, leo hanywi. Kesho hana zamu, hilo ni neno jingine.

Karne nyingi baadaye nabii Isaya, sura ya 28 mstari wa 7, anawakuta makuhani na manabii walioiacha amri hiyo. Anataja mambo mawili yaliyoharibika kwao, kuona na kuamua. Tulipolisoma tena fungu hilo baada ya ajali tulishangaa, kwa sababu ndilo lile lile wauguzi walilotueleza. Na msomi wa Mithali, sura ya 23 kuanzia mstari wa 29, anatuonyesha mtu aliyepigwa asisikie maumivu, ambaye akizinduka wazo lake la kwanza ni kutafuta kikombe kingine. Mwili wake una alama za fimbo, yeye hana habari.

Hapa ndugu mmoja atasema, "Pasta, je, Mkristo anaruhusiwa kunywa au haruhusiwi?" Tunajua katika makambi yetu kuna makanisa mengi na kila moja lina desturi yake. Wako wanaosoma Yohana 2 na 1 Timotheo 5:23, wako wanaosema hata tone moja ni haramu. Msimamo wa kanisa letu mnaujua. Lakini leo hatutaki kuingia huko, kwa kuwa tumeona mara nyingi mabishano hayo yakimsaidia mnywaji kukwepa swali. Swali la leo ni jembamba. Umekwisha kunywa. Iwe ni dhambi au si dhambi, iwe ni kasiksi au ni dawa ya kikohozi yenye kileo ndani. Je, wewe unaweza kuwa hakimu wa kusema kwamba unafaa kuendesha? Jibu letu ni hapana, na hata mpagani mwenye akili anatujibu hivyo hivyo.

Tazameni serikali za dunia. Hazimwulizi dereva anavyojisikia. Zinampulizisha kifaa. Hapa Uganda watu wamekipa msako huo jina la kawunyemu, na wenye magari wanauogopa kuliko wanavyoogopa mahubiri yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi gramu 0.05 za kileo katika desilita moja ya damu, na kwa vijana na madereva wapya kisizidi 0.02. Na wataalamu hao hao wanasema hatari huanza kupanda hata chini ya kiwango hicho. Kiwango cha sheria ni mahali polisi anapokukamata. Usidhani ndipo mahali mauti inapoanzia kazi.

Lakini ndugu, huku vijijini kwetu kifaa hicho hakifiki. Nani amekwisha kukiona katika njia ya kwenda ziwani? Basi wengine wanasema watajipima kwa kuhesabu. Na tuhesabu. Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye asilimia tano, ina gramu kama 20 za kileo. Mwili wa mtu mzima kwa kawaida unaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja peke yake basi inadai saa mbili hadi tatu. Aliyekunywa chupa sita tangu saa mbili za usiku mpaka usiku wa manane, saa kumi na mbili asubuhi anapoamka kwenda kutafuta abiria, kileo bado kimo ndani ya damu yake. Amelala, ameoga, amesali, na bado. Kahawa haikitoi. Maji baridi hayakitoi. Maziwa, limau, kutoka jasho, kutapika, vyote hivyo havilisukumi ini kwenda mbio. Chakula kikitangulia kinachelewesha kileo kuingia katika damu, hakikifuti. Hakuna kitu kinachokiondoa ila muda. Tunaomba wake za madereva walishike neno hili la asubuhi, kwa sababu ajali ya usiku kila mtu anaisema, ya asubuhi husemwa ni utelezi.

Hesabu hiyo ni ya bia ya kiwandani, ambayo nguvu yake imeandikwa kwenye chupa. Sasa kasiksi yetu, au tonto kama wenyeji wanavyoiita, nani ameandika nguvu yake? Ya siku mbili si sawa na ya siku nne. Tena inanywewa kwa mrija katika chombo kimoja, watu sita wamezunguka, kila mmoja anavuta. Mwulize mtu amekunywa kiasi gani, atakuambia "kidogo tu", na ni kweli hajui. Waragi ya kiwandani huwa na asilimia kama 40, hata mililita 100 tu, glasi ndogo, ina kileo kuliko chupa moja na nusu ya bia. Mwaka 2019 serikali ya Uganda ilipiga marufuku vile vifuko vya pombe kali vilivyokuwa vikiuzwa dukani kama pipi, na tulishukuru. Lakini lotoko na kanyanga ambavyo tuliondoka navyo kwetu Kivu kichwani, kama ujuzi, havina kipimo wala havikupigwa marufuku na mtu anayefika huku jikoni. Kwa hiyo kuhesabu nako kunatuangukia. Namba pekee ambayo dereva wa kwetu anaweza kuihesabu bila kukosea ni sifuri.

Tunajua mnayosema moyoni. Pasta anasema rahisi. Mgao wa chakula ulipunguzwa mwaka 2020, ukapunguzwa tena miaka iliyofuata, na wapo kati yetu ambao mama anapika pombe ili mtoto apate daftari. Kijana anaendesha pikipiki ya tajiri, jioni hesabu inamngoja, mvua imempiga, vumbi limemjaa kifuani, na usiku akifumba macho anaona mambo aliyoyaona Fizi au Masisi au Rutshuru. Kikombe kinamlaza. Hatumdharau mtu huyo. Sisi wenyewe tulivuka mpaka miguu ikiwa imevimba, na miaka miwili ya kwanza hatukulala vizuri. Mwenye shida hiyo aje tukae naye, mlango wetu uko wazi, na tutampeleka pia kwa wale wa afya wanaosikiliza mambo ya namna hii, kwa kuwa maombi na muuguzi hawagombani. Lakini kumhurumia mtu si kumpa ufunguo.

Na juu ya ufunguo tuna neno kwa wenye pikipiki, maana vijana wanasemwa kila siku nao matajiri hawasemwi. Someni Kutoka 21, mstari wa 28 hadi 30. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe atauawa, lakini mwenyewe hana hatia. Hiyo ni ajali. Lakini kama ng'ombe yule alikuwa na desturi ya kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe ameonywa, naye hakumfungia, akaua, basi mwenyewe naye damu iko juu yake. Musa anatenganisha vizuri sana yule ambaye hakujua na yule aliyeonywa. Wewe unampa kijana pikipiki saa kumi na mbili asubuhi, unasikia harufu ya jana, majirani wamekuambia, wewe unauliza hesabu tu. Umekwisha kuonywa. Tena leo umeonywa na karatasi hii. Na sisi wachungaji tunaofungisha arusi na kuzihesabu kuku bila kuiona bidoni, tumeonywa pamoja nawe.

Basi tumjibu yule mama wa Alhamisi. Saa ile imefika, kijana ameshika usukani, anasema yuko sawa. Tufanye nini?

Kwanza, acheni kumwuliza. Macho yenu ndiyo yapime, siyo maneno yake. Je, amerudia hadithi ile ile mara mbili? Je, anasema kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake? Je, ufunguo umetafuta tundu mara tatu? Ameondoka bila kukunja stendi? Amesahau helmeti ambayo kila siku haisahau? Moja tu kati ya hayo linatosha, na hata yasipoonekana lakini mmemwona ananywa, inatosha. Mzoefu wa pombe anajua kuficha. Mwili wake umezoea kutembea vizuri, lakini jicho na mkono bado vinachelewa.

Pili, abiria ashuke. Tunasema hivi tukijua aibu yake, hasa kwa akina mama, kwamba utaonekana unamdharau shemeji au mtoto wa jirani. Dada, shuka. Sema umesahau kitu ndani. Sema unaumwa tumbo. Tutakutetea.

Tatu, msibishane naye usiku. Abigaili aliporudi nyumbani akamkuta mumewe Nabali katika karamu, amelewa sana, hakumwambia neno lo lote, dogo wala kubwa ya mambo yale, mpaka asubuhi, divai ilipokwisha kumtoka. Alikuwa na habari nzito ya kumwambia, ya watu mia nne wenye panga, naye akanyamaza hadi kukuche. Mwanamke yule alijua ya kuwa usiku ule hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye. Fichieni ufunguo kwenye unga, toeni upepo kwenye gurudumu, mpeni mkeka alale. Aone asubuhi kama atakasirika. Hasira ya asubuhi inapona.

Lakini mama mwingine kati ya wale watatu aliuliza swali ambalo tulikaa nalo siku nyingi. Alisema, "Na kama ni mimi nina uchungu wa kuzaa, saa nane za usiku, na pikipiki iliyo karibu ni moja, na mwenyewe amekunywa?" Tulinyamaza. Huwezi kumwambia mwenye uchungu atembee kilomita tano gizani, na huwezi kumpakia nyuma ya mtu ambaye atamtupa mtaroni yeye na mtoto wake. Tukaona ya kuwa saa nane za usiku hakuna jibu zuri. Jibu lilipaswa kuwepo tangu saa kumi na mbili jioni, kama vile jibu la Haruni lilivyokuwa nje ya hema.

Kwa hiyo baraza la wazee limekubaliana mambo mawili. La kwanza ni la arusi na sherehe zote zinazofungwa na kanisa letu: mwenye pikipiki au gari anamkabidhi shemasi ufunguo anapofika, akiwa bado na akili zake, na anaurudishiwa na shemasi. Anayekataa kuutoa mlangoni, gari lake halibebi mtu wa kanisa. Tulilijaribu mara mbili mwaka huu. Mara ya kwanza mmoja alikuwa na ufunguo wa pili mfukoni, na tulijifunza. Mara ya pili wanne walilala kwa mwenyeji, na walikunywa uji pamoja asubuhi wakicheka.

La pili ni zamu ya usiku. Katika kila kijiji ambako tuna washirika, madereva wawili kila usiku wanajitoa kutogusa kikombe tangu jua kuzama hadi kukuche, na namba zao wanapewa wakunga na mwenyekiti wa kijiji. Petroli ya dharura inatoka katika sadaka ya Jumapili ya kwanza. Ni kidogo, tunajua, na mwezi uliopita iliisha tarehe kumi na tisa. Zamu imebandikwa kwenye mlango wa kanisa. Madereva wa makanisa mengine na ndugu Waislamu wanaotaka kuingia waje kwa katibu, tayari wawili wameandikwa.

Kijana wetu wa mwaka 2022 ameomba Jumanne na Ijumaa. Bado anasema siku ile ya arusi alikuwa sawa, nasi tumeacha kubishana naye. Mama yule mwenye fimbo alipoliona jina lake kwenye karatasi alisimama pale mlangoni muda mrefu. Kisha akatuuliza kama pikipiki yake siku hizi ina taa ya mbele. Tulimjibu kwamba inayo, tumeiwasha wenyewe tukaiona.